"Spaniel" ni mbwa gani hasa, na mtafsiri amwiteje kwa Kiswahili?

MtafsiriMorogoro

Wanajukwaa, nawasalimu.

Ninatafsiri kitabu cha watoto kutoka Kiingereza, nimebakiza sura tatu, na neno moja limenikwamisha kwa wiki nzima. Kitabu kinamhusu msichana wa kijiji kimoja cha Uingereza na babu yake, ambaye kazi yake ni kulinda mashamba ya kuwindia ndege. Karibu katika kila ukurasa yumo mbwa wao, na mwandishi hamwiti mbwa hata mara moja, humwita spaniel. Katika rasimu ya kwanza niliandika "mbwa" tu, nikijua kwamba mtoto wa Kilosa ataelewa. Mhariri aliirudisha, akaniandikia pembeni kwamba asili ya neno hilo ni Hispania, na kwa hiyo nimwite "mbwa wa Kihispania". Sijaridhika, kwa sababu hadithi nzima haitoki nje ya Uingereza, na msomaji wangu atakaa sura tano akingoja kuambiwa mbwa huyo alivukaje bahari.

Yapo mambo mengine mawili. Katika sura ya nane kijana mmoja anamwambia dada yake kwamba amegeuka kuwa spaniel wa mwenye shamba. Niliandika "umekuwa mbwa wa bwana mkubwa", na mke wangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza, akaniambia kwamba ndugu wakiambiana maneno hayo hawasalimiani tena, ilhali katika ukurasa unaofuata wawili hao wanakula pamoja. Pili, mchoraji ametuletea picha ya jalada yenye mbwa mdogo, uso mfupi, macho makubwa ya duara, amelala juu ya mto wa hariri. Sina hakika kama ndiye.

Naweka hapa sentensi moja niliyoitafsiri, mwone ninavyokwenda: "Mbwa aliinamisha kichwa upande mmoja, akatikisa masikio yake marefu kwa furaha, akajikuna, kisha akatikisa tena." Neno "furaha" nimeliongeza mimi, kwa kuwa niliona ndilo linalokusudiwa. Yeyote aliyewahi kuishi na mbwa wa aina hii, naomba anisaidie kumwona.

MwalimuMstaafu_Unguja

Ndugu Mtafsiri, kuhusu asili ya neno mhariri wako yuko sahihi. Alipoteleza ni pale alipodhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kifaransa cha zamani, ambamo *espaignol* lilikuwa na maana ya Mhispania, nalo lilitokana na Hispania, jina la Kilatini la nchi ile. Katika Kifaransa cha leo maneno hayo yameachana: mbwa ni *épagneul*, na mtu wa Hispania ni *espagnol*. Gaston Fébus, mtawala wa Foix, ambaye nchi yake ilikuwa chini ya milima ya Pyrenees, jirani kabisa na Hispania, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387. Humo alieleza kwamba mbwa hawa wa ndege wanaitwa hivyo kwa sababu aina yao inatoka Hispania, ingawa wapo wengi katika nchi nyingine. Izingatie hiyo kauli ya mwisho, kwa maana tangu wakati huo mbwa walikwisha kuenea kuliko jina lao. Ilipofika mwaka 1570, daktari John Caius wa Cambridge aliandika kwa Kilatini kitabu kidogo kuhusu mbwa wa Uingereza, kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1576, na ndani yake anasema kwamba watu wa kawaida wanawaita wote kwa jina hilo moja, kana kwamba wote walitoka Hispania kwanza. Kwa hiyo zaidi ya miaka 400 iliyopita Mwingereza msomi alikwisha kuona kwamba jina hilo halitoshi kumjulisha mtu mbwa huyo alizaliwa wapi.

Sisi wenyewe tuna neno la mwenendo huo huo. Bibi zetu walivaa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na jina lake lilitokana na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem katika Massachusetts, waliokileta Zanzibar katika karne ya 19. Baadaye viwanda vya Bombay vilifuma kitambaa cha namna hiyo, kikauzwa katika maduka yale yale, na jina halikubadilika. Mtafsiri wa Kiingereza akikuta katika utenzi kwamba maiti alivikwa merikani, kisha akaandika kwamba alivikwa nguo ya Kimarekani, amempeleka msomaji wake mbali na msiba. "Mbwa wa Kihispania" atafanya hivyo hivyo katika kitabu chako.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halitaingia katika tafsiri yako, lakini nalipenda mno kiasi kwamba siwezi kulipita. Maelezo yanayotajwa mara nyingi kuhusu jina Hispania lenyewe, ingawa wanaisimu hawajakubaliana nayo wote, ni kwamba mabaharia wa kale wa Kifoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, walipofika pwani ile waliona sungura wengi ambao hawakuwajua, wakawaita kwa jina la mnyama wa kwao aliyefanana nao, yaani pimbi. Katika Kiebrania, lugha ndugu ya Kifoinike, pimbi ni *shafan*, na inasemekana kwamba Hispania ni "nchi ya pimbi". Ziko sarafu za Kaisari Hadriani ambazo juu yake Hispania imechorwa kama mwanamke aliyeegemea, na karibu naye yupo sungura. Ikiwa maelezo hayo ni ya kweli, basi ndani ya jina la mbwa huyu wa Kiingereza amejificha pimbi, ambaye sisi tunamwona akiota jua juu ya majabali ya Serengeti.

Ushauri wangu: andika "spanieli", ulizoeshe mapema kwa sentensi moja ya maelezo ndani ya hadithi, kisha ulitumie bila woga.

Mtunza_Mbwa_Naivasha

Mwalimu, ahsante kwa somo hilo. Mimi si mtu wa lugha, ila nilifanya kazi kwa miaka minne katika mabanda ya mbwa wa shamba moja huko Norfolk, Uingereza, na babu wa kitabu hiki ni kama mtu niliyewahi kumhudumia chai. Ndugu Mtafsiri, mhusika wako bila shaka ni springa, au pengine koka, ambao ni spanieli wa kuwindia, na mbwa wa kwenye picha ya jalada siye kabisa.

Kinachomfanya spanieli awe spanieli ni kazi yake, nayo ni kukurupusha ndege. Asubuhi ya Novemba mwindaji anasimama ukingoni mwa magugu yaliyolowa umande, anamwachia mbwa, na mbwa anaingia pua ikiwa chini, akienda kushoto na kulia mbele ya bwana wake kama mtu anayefagia uwanja, asizidi hatua 30 hivi, kwa sababu ndege akiruka mbali na masafa ya bunduki kazi yote imepotea. Mkia hautulii hata mara moja. Harufu ikimfikia, mkia unaongeza kasi hadi kiuno kizima kinayumba, na aliyemzoea anajua kwa mkia huo kwamba ndege yupo, kabla hajamwona. Mbwa anajitosa ndani ya miiba, ndege anaruka kwa kishindo, na hapo hapo mbwa anakaa kitako, ametulia kimya, anatazama juu. Amri ya kumkalisha inatamkwa "hap", na aliyefundwa vizuri hahitaji hata kuambiwa. Ndege akianguka, hamfuati mpaka aagizwe, na akimleta anamleta mkononi pasipo kumtoboa. Nimewahi kupokea kwale kutoka mdomoni mwa koka mmoja mzee akiwa bado ana joto, manyoya yamelowa mate tu, ngozi haina hata mkwaruzo.

Majina yao yanatokana na kazi hiyo hiyo. Springa anaitwa hivyo kwa kuwa anawarusha ndege na wanyama kutoka vichakani, na kabla ya bunduki alikuwa akiwarusha ili wakamatwe na kipanga au wavu. Koka amepata jina kutokana na ndege mmoja mwenye mdomo mrefu, ajifichaye katika majani makavu ya msituni, ambaye kwa Kiingereza anaitwa *woodcock*. (Wasomaji wa huku wakisikia "koka" wanafikiri umesema mbwa koko, na nimelazimika kulieleza hilo mara nyingi. Ukilitumia, weka spanieli mbele yake.) Zamani hawa wawili walizaliwa kwa mama mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 aliyekuwa na uzito wa chini ya ratili 25, yaani kama kilo 11, alihesabiwa koka, na nduguye mzito zaidi akahesabiwa springa. Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili aina za mbwa, kilichoanzishwa mwaka 1873, kiliwatambua koka kama aina ya peke yao katika miaka ya 1890, na springa mwaka 1902.

Sasa Mwalimu, nina swali kwako. Wazee wa mabandani waliniambia kwamba jina halihusiani na Hispania hata kidogo, bali linatokana na neno la Kifaransa la kujitandaza chini, kwa sababu spanieli wa zamani walifundishwa kulala chini wakiwaona kwale, ili watu wawili wapitishe wavu juu ya mbwa na ndege pamoja. Kazi hiyo ilikuwapo kweli, na ndiyo iliyowazaa mbwa wanaoitwa seta. Je, maelezo hayo yana nguvu?

MwalimuMstaafu_Unguja

Ndugu Mtunza Mbwa, maelezo hayo ni ya zamani na yanavutia, lakini maandishi hayayaungi mkono. Fébus aliwajua mbwa wanaofundishwa kulala chini kwa ajili ya wavu, akawaeleza katika ukurasa ule ule, na bado alipotaja sababu ya jina alitaja Hispania. Kamusi kubwa za Kiingereza na Kifaransa zinafuata njia hiyo. Nadhani wazee wako walilichukua tendo walilolijua vizuri wakalitafutia neno linalolingana nalo, jambo ambalo hata sisi hulifanya tunapoeleza majina ya miji yetu.

Hata hivyo, kule kujilaza chini kunatufikisha kwenye swali la pili la Ndugu Mtafsiri. Mbwa anayejibana chini miguuni mwa bwana wake, akigaragara, alitoa katika Kiingereza maana ya mtu anayejikomba. Shakespeare aliitumia maana hiyo zaidi ya mara moja. Katika tamthilia yake ya ndoto ya usiku wa kiangazi, Helena anamwambia Demetrius kwamba yeye ni spanieli wake, na kadiri anavyompiga ndivyo atakavyozidi kumbembeleza. Katika tamthilia ya Kaizari, Metellus anapopiga magoti kumwombea ndugu yake, Kaizari anamkemea kwa kujikunyata kama spanieli. Tamthilia hiyo tunayo katika Kiswahili kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na ningekushauri uifungue tendo la tatu, onyesho la kwanza, ujifunze kwake.

Mkeo amekuokoa. Katika Kiswahili kumwita mtu mbwa ni kumtoa katika utu, na lugha yetu haimpi mbwa nafasi ya kupendwa nyumbani. Ndiyo maana tunaambiwa kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Kijana wa kitabu chako hamtukani dada yake namna hiyo. Anamhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, kwa sababu anamwona akimpenda mtu ambaye hamjali. Kiswahili kina maneno tayari kwa hali hiyo: kujikomba, kujipendekeza, kujidhalilisha. Mwache mbwa nje ya sentensi hiyo moja. Mimi ningeandika: "Huoni unavyojikomba kwa yule bwana? Anakusukuma, nawe unarudi."

DaktariWaMifugo_Arusha

Nimefuatilia mjadala huu nikitaka kukaa kimya, lakini yapo mambo mawili yanayonihusu.

La kwanza ni jalada. Mbwa aliyechorwa ni Cavalier King Charles, ambaye ni spanieli pia, lakini ni wa kupakatwa. Jina lake linatokana na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 1660 hadi 1685 na aliyekuwa akifuatana na mbwa wa namna hiyo kila mahali. Baadaye wafugaji waliwafupisha nyuso mno, hata Mmarekani Roswell Eldridge akatoa zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kuanzia mwaka 1926 kwa atakayeleta mbwa wa sura ya zamani, kama wale wa kwenye michoro. Ndipo Cavalier alipopatikana, akatambuliwa mwaka 1945. Alipatikana kutokana na mbwa wachache, na gharama ya uchache huo inalipwa mpaka leo. Wengi wao vali ya moyo inaharibika mapema, na wengine fuvu ni dogo kuliko ubongo, majimaji yanakusanyika ndani ya uti wa mgongo, na mbwa anajikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi. Norway ililipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwazalisha mbwa hao, kwa namna ilivyokuwa ikifanyika, kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Ninaliandika hili kwa uzito kwa sababu picha ya jalada huwafanya watoto watamani, na wazazi wenye uwezo wananunua. Mwombe mchoraji awape springa: mrefu zaidi miguuni, mweupe mwenye mabaka ya kahawia au meusi, mashada ya manyoya nyuma ya miguu ya mbele, na matope.

La pili ni ile sentensi yako. Ndugu yangu, mbwa huyo hana furaha. Kuinamisha kichwa upande mmoja, kutikisa masikio, kujikuna, kisha kutikisa tena, hizo ni dalili za sikio linalouma, na katika mbwa hawa ni ugonjwa wa kila siku. Sikio la spanieli ni zito, limefunikwa na manyoya nje na ndani, na linalala juu ya tundu lake kama pazia. Hewa haipiti, unyevu haukauki, na katika giza na joto hilo hamira (vijidudu vya jamii ya kuvu) na bakteria wanaongezeka. Ukiliinua unakutana na harufu kali kama ya kitu kilichochacha, na nta ya kahawia. Kwa mbwa anayefanya kazi vichakani kuna hatari nyingine, nayo ni mbegu za nyasi zenye ncha. Mbegu inaingia kwa ncha, vinyweleo vyake vinaizuia kurudi nyuma, na kila mbwa anapotikisa kichwa inazidi kwenda ndani mpaka kwenye ngoma ya sikio. Juni iliyopita nilimtoa mbegu mbwa mmoja wa shamba la hapa Usa River, ilikuwa na urefu wa kama sentimita mbili, na mwenye mbwa alikuwa ameniambia kwamba kwa siku tatu mbwa wake "alikuwa akicheza tu".

Tafadhali angalia sentensi zinazofuata katika kitabu, kabla hujaliacha neno "furaha".

MtafsiriMorogoro

Mwalimu, Ndugu Mtunza Mbwa, Daktari, nawashukuru wote kwa dhati.

Nimelifungua tena jedwali langu la maneno na kuandika "spanieli", lenye upatanisho wa viumbe wenye uhai: spanieli huyu, spanieli hawa, spanieli wake. Maelezo nimeyaingiza katika ukurasa wa pili, pale msichana anapomwita mbwa wao kwa mara ya kwanza: "Alikuwa spanieli, mbwa wa masikio marefu ambaye kazi yake ni kuingia vichakani na kuwakurupusha ndege, na mkia wake ulikuwa haujui kutulia." Sentensi ya kijana na dada yake nimeiandika kama Mwalimu alivyopendekeza, na mke wangu ameikubali. Kuhusu jalada, nimemtumia mchoraji maelezo ya Daktari neno kwa neno, pamoja na matope.

Daktari, nimerudi kwenye sura ile. Sentensi inayofuata inasema kwamba babu aliweka kikombe chake mezani, akamwomba msichana asogeze taa. Nilikuwa nimeiruka mara tatu bila kuelewa taa ni ya nini, na katika rasimu moja nilithubutu kuandika kwamba kulikuwa kumeanza kuingia giza.

DaktariWaMifugo_Arusha

Taa ni ya kuangalia ndani ya sikio. Ukifika mahali babu anapoliinua sikio, usiandike kwamba alilivuta. Andika kwamba alilikunja taratibu juu ya kichwa, akalishikilia kwa kiganja, kwa sababu tundu la sikio la mbwa linashuka kwanza kabla ya kukunja kona kuelekea ndani, na ukivuta kwa nguvu mbwa anapiga kelele na huoni kitu. Kama mwandishi amempa babu kibano, basi anatafuta mbegu ya nyasi. Kama amempa pamba na chupa, ni uchafu wa hamira. Nijulishe ni kipi, nikupe maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kliniki.

MtafsiriMorogoro

Ni kibano.